Siku 43 za mrushaji wa besiboli

Na Mwandishi Wetu

Usiku wa Septemba 15, 1971, ndani ya uwanja wenye paa wa Astrodome mjini Houston, Marekani, kijana wa miaka 21 alitoka pembeni alikokuwa akipasha misuli moto na kuelekea katikati ya uwanja. Timu yake, Houston Astros, ilikuwa nyuma dhidi ya Atlanta Braves, na duru ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, ilikuwa inaanza. Jina lake, Larry Yount, likatangazwa kwenye vipaza sauti. Hakuwahi kucheza ligi kuu kabla ya hapo.

Kiwiko cha mkono wa kurushia kilikuwa kimeanza kumuuma tangu akiwa pembeni. Siku chache nyuma alikuwa kwenye mafunzo ya jeshi la akiba na hakuwa amerusha mpira. Alijipa moyo kwamba akifika kwenye kichuguu cha mrushaji maumivu yatatulia. Akarusha mipira michache ya kujaribu mkono. Maumivu yakazidi. Akaomba kutoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Jim Ray.

Yount hakucheza tena ligi kuu. Lakini kwa kuwa alishatangazwa rasmi, vitabu vya kumbukumbu vinamwandika kuwa mchezaji wa mechi moja. Hakumkabili mpigaji hata mmoja wala hakurusha mpira hata mmoja wa kuhesabiwa. Ndiye mrushaji pekee mwenye rekodi ya aina hiyo.

Baada ya usiku ule alirudi ligi za chini na kuhangaika huko hadi katikati ya miaka ya 1970. Mdogo wake, Robin, aliingia ligi kuu mwaka 1974 akiwa na miaka 18 tu, akacheza misimu 20 Milwaukee na kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa mwaka 1999. Larry alijitosa kwenye biashara ya ardhi na majengo huko Arizona, na mambo yakamnyookea, kwa hiyo msomaji asimwage machozi kwa ajili yake. Tatizo ni wale wengine, ambao waliumia mkono vilevile, au waliachwa tu, na hawakuwa na kiwanja cha kuuza.

Ngazi ndefu, mlango mwembamba

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30. Kila timu inaruhusiwa wachezaji 26 kwa sehemu kubwa ya msimu, yaani nafasi 780 kwa jumla. Chini yake zipo timu 120 za ligi ndogo, nne kwa kila klabu, zilizopangwa kwa madaraja: A ya chini, A ya juu, AA na AAA. Chini zaidi kuna kambi za chipukizi huko Florida na Arizona, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika.

Mrushaji ndiye anayeuendesha mchezo huu. Anasimama umbali wa mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, na hakuna kinachotokea uwanjani hadi mpira utoke mkononi mwake. Mkono huohuo ndio unaochakaa mapema. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mara kwa mara, wiki baada ya wiki, si jambo ambalo kiwiko na bega viliumbwa kulifanya.

Klabu zinalijua hilo, kwa hiyo huweka akiba. Timu hairuhusiwi kuwa na warushaji zaidi ya 13 kati ya wale 26, lakini kila msimu huwatumia wengi zaidi ya hao kwa kuwapandisha na kuwashusha. Mmoja akiumia, mwingine anaitwa kutoka AAA, anarusha duru mbili, kesho yake anarudishwa. Konda yeyote wa daladala anamjua mtu huyu: ni deiwaka. Mwenye gari akiumwa anaitwa, akipona anashushwa.

Kanuni za sasa zimejaribu kupunguza mchezo huo. Tangu 2022, mchezaji hawezi kushushwa kwa njia hiyo zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja, na mrushaji akishashushwa anapaswa kukaa chini angalau siku 15, isipokuwa pale anapochukua nafasi ya majeruhi. Kwa anayelala hoteli huku begi likiwa halijafunguliwa, siku 15 si haba. Lakini hesabu inayomhusu zaidi ni nyingine.

> Msimu kamili wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Robo yake ni siku 43, na hapo ndipo pensheni inapoanzia.

Tangu makubaliano ya 1980 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mchezaji aliyeorodheshwa ligi kuu kwa siku 43 anajipatia haki ya pensheni, na siku moja tu inampa haki ya kuingia kwenye mpango wa bima ya afya. Si lazima acheze, akiwa tu kwenye orodha siku inahesabiwa. Mtu anaweza kumaliza siku zake zote 43 akitafuna mbegu za alizeti benchini na bado akazeeka na hundi mkononi.

Mwenye siku 42 hana.

Mwalimu wa Big Lake

Tofauti hiyo ya juu na chini inaonekana vizuri katika maisha ya Jim Morris, mzaliwa wa Texas.

Milwaukee Brewers walimchagua Januari 1983, wa nne katika uteuzi wa mwezi huo. Mkono ukamsaliti. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, akaumia tena, na kufikia mwisho wa muongo ule alikuwa hajavuka daraja A. Akaacha. Akasoma, akaoa, akawa mwalimu na kocha katika shule ya sekondari ya Reagan County, kwenye mji mdogo wa Big Lake, magharibi mwa Texas.

Mwaka 1999 aliwawekea wanafunzi wake dau. Wakitwaa ubingwa wa wilaya, naye atakwenda kujaribiwa na klabu ya kulipwa. Vijana wakatwaa. Morris, wakati huo ana miaka 35, akaenda kwenye majaribio ya Tampa Bay Devil Rays akiwa na watoto wake watatu. Kwa mtu aliyekwenda kutimiza ahadi tu, kilichofuata hakikutarajiwa. Mashine ya kupimia kasi ilisoma maili 98, karibu kilomita 158 kwa saa, na haikuwa mara moja. Alirusha mipira 12 mfululizo kwa kasi hiyo. Alipokuwa kijana hakuwahi kufika hapo.

Alipelekwa Orlando, daraja la AA, kisha Durham, AAA. Septemba 18, 1999, mjini Arlington, ndani ya jimbo lake la nyumbani, akaitwa kumkabili Royce Clayton wa Texas Rangers. Mipira minne ilitosha, na Clayton akatoka bila kugusa besi.

Hadithi hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 2002, Dennis Quaid akiigiza kama Morris, na watazamaji wengi waliondoka ukumbini wakiamini kwamba ndoto haina umri. Filamu ilikoma mahali pazuri. Maisha yalisonga mbele kidogo zaidi.

Mei 9, 2000, katika uwanja wa New York Yankees, mechi ikiwa sare katika duru ya 10, Morris aliingizwa wakati besi zote tatu zina wakimbiaji. Mpigaji alikuwa Paul O'Neill. Morris akakosa shabaha, O'Neill akapewa besi ya bure, mkimbiaji wa besi ya tatu akasukumwa nyumbani na mechi ikaisha. Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya ligi kuu. Kwa jumla alicheza mechi 21, duru 15, akawatoa wapigaji 13, bila ushindi wala kipigo chochote kuandikwa kwa jina lake. Los Angeles Dodgers walimsajili baadaye, wakamwacha kabla msimu wa 2001 haujaanza.

Kwa maoni yangu, filamu ilitudanganya kuhusu jambo moja tu, nalo si dogo. Ilimfanya Morris aonekane muujiza. Kwa upande wa umri ni kweli. Kwa upande wa mechi 21, hapana, kwani mfumo huu ndivyo ulivyojengwa. Unahitaji maelfu ya vijana warushe, wapige na wadake mpira kila jioni ili wachache wapate wa kushindana nao. Wale wanaobaki chini, na wale wanaochungulia juu na kurudi, ni sehemu ya kazi yenyewe. Ugomvi uliopo ni nani alipe miaka yao.

Mwanafunzi au mfanyakazi?

Garrett Broshuis hakuchungulia kabisa. Alikuwa mrushaji wa Chuo Kikuu cha Missouri aliyechaguliwa na San Francisco Giants mwaka 2004, akacheza misimu sita ya ligi ndogo. Wachezaji wa daraja A wakati ule walikuwa wakipata kama dola 1,100 za Marekani kwa mwezi, na kwa miezi ya msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakuwa na mshahara. Miezi ya baridi, wakati ambapo mchezaji anatakiwa ajifue ili asipitwe, nayo haikuwa na mshahara. Wengi walifundisha watoto, walibeba masanduku ghalani au walirudi kulala kwa wazazi.

Broshuis aliposhuka kichuguuni alisomea sheria. Februari 2014 akawa miongoni mwa mawakili waliofungua kesi dhidi ya ligi na klabu zake, kwa jina la mchezaji wa zamani Aaron Senne na wenzake, wakidai kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada.

Waajiri walikuwa na hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Kwanza, walisema, ligi ndogo ni mafunzo, kijana yuko pale kujinoa. Pili, wengine hupokea fedha nyingi siku ya kusaini mkataba. Tatu, huwezi kuhesabu saa za mtu ambaye kazi yake ni kunyanyua vyuma, kutazama video na kula vizuri. Nne, mzigo ukizidi, timu za miji midogo zitakufa.

Kamishna wa ligi, Rob Manfred, alipoulizwa Julai 2022 kama wamiliki wanashindwa kuwalipa wachezaji hao ujira wa kuishi, alisema haukubali msingi wa swali lenyewe.

Bunge nalo liliwasikia wamiliki. Machi 2018, ndani ya muswada wa matumizi ya serikali wenye kurasa zaidi ya 2,000, kiliingizwa kifungu kinachoruhusu mchezaji wa ligi ndogo alipwe kima cha chini kwa saa 40 za wiki wakati wa msimu, hata akifanya kazi saa ngapi. Kifungu hicho kilipewa jina la kuokoa mchezo wa taifa.

Hoja ya mafunzo ndiyo iliyonikalia vibaya tangu nianze kusoma kesi hii. Fundi seremala akimnyima mwanafunzi wake posho, angalau kijana ataondoka na ufundi na kuuza meza mtaa wa pili. Mrushaji haruhusiwi mtaa wa pili. Mkataba wake wa kwanza ulimfunga kwa klabu moja misimu saba, na hakuna klabu nyingine iliyoweza kumpa dola moja zaidi. Hilo linawezekana kwa sababu besiboli imekuwa ikikwepa sheria za ushindani wa biashara tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1922.

> Jaji Joseph Spero aliamua Machi 2022 kwamba wachezaji hawa ni waajiriwa, si wanafunzi.

Aliamua pia kwamba mazoezi ya kabla ya msimu ni kazi. Kesi ilikuwa iende mbele ya wazee wa baraza mwaka huohuo, lakini pande mbili zikaelewana kwa dola milioni 185, zigawanywe kwa wachezaji zaidi ya 20,000. Ukishatoa gharama za mawakili, kila mmoja alibaki na elfu chache.

Ngoja ngoja yapata bei

Ushindi mkubwa ulikuja kando ya mahakama. Janga la korona lilifuta msimu mzima wa ligi ndogo mwaka 2020, na mamia ya wachezaji waliachwa kwa mpigo. Posho ya dola 400 kwa wiki iligeuka kuwa jambo la kuombaomba. Mrushaji wa Dodgers, David Price, aliamua kumpa kila mchezaji wa ligi ndogo za klabu hiyo asiye kwenye orodha yake ya ligi kuu ya watu 40 dola 1,000 kutoka mfukoni mwake, ingawa alikuwa hajaichezea Dodgers hata mechi moja. Watu walianza kuona aibu.

Kuanzia 2022 klabu zikalazimika kuwapa makazi wachezaji wengi wa ligi ndogo. Septemba mwaka huo zaidi ya wachezaji 5,000 wakaingia kwenye chama cha wachezaji wa ligi kuu, na Machi 2023 mkataba wao wa kwanza wa pamoja ukafikiwa.

Malipo ya chini kabisa kwa mwaka katika kambi za chipukizi yalipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800. Daraja A ya chini, kutoka 11,000 hadi 26,200. AA, kutoka 13,800 hadi 30,250. AAA, kutoka 17,500 hadi 35,800. Wanaosaini wakiwa na miaka 19 au zaidi sasa hufungwa misimu sita badala ya saba.

Linganisha na juu. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000, ambazo ni karibu dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Siku tisa za deiwaka ni karibu sawa na malipo ya chini ya mwaka mzima wa AAA. Hapo utaelewa kwa nini mtu wa miaka 30, mwenye mke na mtoto, bado anakubali kupanda basi la saa nane za usiku.

Wamiliki wanasema bei hiyo ina upande wa pili, na ukweli ni kwamba upo. Mwaka 2021 timu za ligi ndogo zenye uhusiano na ligi kuu zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120. Uteuzi wa vijana uliokuwa na mizunguko 40 sasa una 20. Chini ya mkataba mpya, idadi ya wachezaji ambao klabu inaruhusiwa kuwa nao ndani ya Marekani ilishuka kutoka 180 hadi 165 mwaka 2024. Wachache wanalipwa vizuri, wengi hawaitwi kabisa. Ila tusivuruge mfuatano wa matukio, maana timu zile 40 zilikatwa kabla mchezaji wa ligi ndogo hajawa hata na chama cha kumsemea.

Wazee waliobaki nje ya geti

Chama chenyewe kina deni lake. Kanuni ya siku 43 ya mwaka 1980 haikurudi nyuma. Kabla yake mchezaji alihitaji miaka minne ya ligi kuu ili apate pensheni, na waliostaafu wakiwa na miaka mitatu na nusu, au mwezi mmoja, waliachwa hivyohivyo. Waajiri walisema hawadaiwi kitu. Chama kilisema kisheria hakiwajibiki kwa wastaafu. Mkono mtupu haulambwi, na wazee wale hawakuwa na kura tena.

Baada ya miaka 31, Aprili 2011, ligi na chama vilitangaza malipo. Kwa kila siku 43 alizotumikia, mzee angepata dola 625 kwa mwaka kabla ya kodi, kikomo dola 10,000. Mwaka 2022 kiasi hicho kiliongezwa kwa asilimia 15. Si pensheni, kwa hiyo mzee akifariki mjane wake hapati kitu. Waliobaki hai ni mamia na wanapungua kila mwaka, jambo ambalo kwa upande wa hesabu haliwaumizi wanaolipa.

Barabara kutoka Johannesburg na Kampala

Kwa msomaji wa Afrika, ngazi hii si hadithi ya mbali tena. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye si mrushaji, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu, Aprili 2017, baada ya takribani miaka tisa ya ligi ndogo. Tayler Scott wa Johannesburg akafuata mwaka 2019 na Seattle Mariners, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika. Chicago Cubs walikuwa wamemchagua mwaka 2011. Baada ya kuonja ligi kuu alirushwa huku na huko, hata Japan alifika na Hiroshima Carp, na msimu wake mzuri wa kweli ulikuja 2024 akiwa Houston Astros, miaka 13 tangu asaini.

Jirani zetu Uganda nao wamo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kunyimwa viza. Tangu wakati huo Los Angeles Dodgers wamewasajili vijana wa Uganda.

Mkataba wa 2023 una mpaka mmoja ambao wazazi wa Lugazi na Kampala wanapaswa kuusoma kwa makini. Unawahusu wachezaji walio kwenye ligi za ndani ya Marekani na Canada. Ligi ya Jamhuri ya Dominika, mahali ambapo klabu kwa kawaida huwapeleka kwanza vijana wanaosajiliwa kutoka nje, haimo. Mishahara iliyopandishwa haiwafikii, na chama hakiwaandikishi. Mkataba huo ni wa miaka mitano.